Tulivyoshuka na Sauti ya Makori

Ninyi mnaopiga magitaa siku hizi mna simu mfukoni inayowaambia kama uzi uko juu au uko chini. Mnauchuna, taa ya kijani inawaka, mnaendelea na safari yenu. Sina ugomvi na simu hiyo. Mjukuu wangu aliniletea yake juzi, nikauchuna uzi wa kwanza wa besi yangu ya zamani, taa ikawa nyekundu kama kilemba cha jogoo. Mtoto akataka kuukaza. Nikamwambia, "Uache hapo ulipo. Kuna santuri nzima tuliyoipiga hapo hapo, na ndiyo kazi ninayoishukuru kuliko zote."

Akaniuliza kwa nini. Jibu lilikuwa refu kuliko subira yake, kwa hiyo nawaandikia ninyi nyote.

Jina langu ni Nyakundi. Nilipiga besi katika bendi iliyoitwa Suneka Boys Jazz, kwa jina la kwetu Suneka, miaka ya sitini na ya sabini, tukizunguka Kisii, Ogembo, Keroka na Nyamira. Tulikuwa wanne. Makori ndiye aliyeianzisha, ndiye aliyeimba, na ndiye aliyepiga solo. Ratemo alipiga ridhimu. Obare alikaa nyuma kwenye dramu. Hilo jina la "Boys" lilitufaa tulipolichukua, lakini majina hayazeeki na watu huzeeka. Siku moja mama mmoja pale Nyamira alitutazama tukishusha vyombo, Makori ana mvi, Obare ana kitambi, akamwambia mwenzake, "Hawa ndio boys? Basi mume wangu bado ananyonya."

Nilifikaje kwenye besi? Kwa kukosa nilichotaka. Nilitaka solo, kama kila kijana. Baba yangu mdogo alikuwa mpiga obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane kinachonguruma kama nyuki ndani ya mtungi, na mimi nilikua nikikisikia mpaka nikaamini vidole vyangu vimebarikiwa. Nilikwenda nyumbani kwa Makori nikiwa na nyimbo tele kichwani. Akanipa gitaa la besi, akanionyesha uzi mmoja.

"Piga huu. Mimi nitaimba."

Nikaupiga. Akaimba wimbo wa kwanza, akaimba wa pili. Kwenye wa tatu vidole vikaniwasha, nikarukia uzi mwingine, nikatia madoido. Akanyamaza.

"Momura," akasema, ndivyo tunavyomwita kijana kwetu, "nani amekutuma huko?"

"Niliona pako wazi, tata," nikamjibu, maana kwetu tata ni baba.

"Ukipita kwa watu ukaona mlango uko wazi, huwa unaingia tu?"

Mkewe, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, alicheka mpaka akaweka kisu chini. Makori hakucheka. Aliniambia maneno niliyoyabeba maisha yangu yote ya kazi. Alisema mwimbaji huzurura, na mpiga solo huzurura zaidi, lakini lazima mmoja abaki nyumbani akiuchochea moto, ili wazururaji wakirudi wakute kuna joto. "Wewe utabaki nyumbani," akasema. "Kesho nitakupa uzi wa pili."

Alinipa uzi wa pili baada ya wiki tatu.

Sasa niwape mambo machache ya kazi kabla sijasahau. Nyuzi za besi zikifa sauti, usizitupe. Zichemshe kwenye maji yenye magadi kidogo, zikaushe juani, zitaamka. Lakini tumia sufuria yako mwenyewe. Mimi nilitumia ya mke wangu Kemunto, nikaisuuza kwa haraka kama mwanamume, naye akapikia chinsaga jioni. Mboga ikawa na ladha ya jembe. Kemunto akatafuna, akanitazama, akasema kwa upole, "Leo tunakula bendi?" Tangu siku hiyo nilikuwa na debe langu.

Betri zikichoka, zianike juu ya bati mchana kutwa, zitakupa nyimbo tatu au nne. Uzi wa gitaa ukikatika na duka liko mbali, fumua waya wa breki ya baiskeli, uchukue unywele mmoja. Utakukata kidole, lakini utaimba. Na msimcheke fundi anayebana shingo ya gitaa kwa penseli na mpira wa tyubu. Tulipiga hivyo miaka, watu wakacheza mpaka vumbi likapanda.

Jambo ambalo hatukuwa nalo ni kitu cha kutupa sauti ya kwanza. Hatukuwa na piano, hatukuwa na filimbi ya kutyunia, wala hatukujua kwamba tunavihitaji. Sisi tulikuwa na Makori. Kabla ya kila dansi aliinama kidogo, akafumba macho, akaimba kwa sauti ya chini ule mstari wa juu kabisa wa wimbo wetu mkubwa, wimbo wa binti aitwaye Moraa. Aliupima kooni kama mtu anayejaribu kama mkono unafika kwenye tawi. Ukifika vizuri, alishuka nao ngazi kwa ngazi mpaka sauti ya nyumbani, akaishikilia, mmm, na mimi nikaichukua. Niliukaza au kuulegeza uzi wangu wa kwanza mpaka ukafanana naye. Kisha Ratemo akatyuni kwangu, Makori akatyuni gitaa lake kwa Ratemo, na Obare akasema yeye yuko tayari tangu asubuhi.

Kwa hiyo Makori alitoa sauti, lakini aliyeibeba ni mimi. Likumbukeni hilo.

Kwa kuwa Makori na Ratemo walikuwa Wasabato, dansi ya Jumamosi haikuanza kabla jua halijazama. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwondoa Makori kwenye kwaya kwa sababu ya gitaa, lakini yeye alisema hakuna aliyemwondolea Sabato. Kuanzia Ijumaa jua likizama hakugusa uzi. Mimi na Obare tulikuwa Wakatoliki, tukamtania kwamba Mungu wake ana saa na wetu ana kalenda. Naye akajibu, "Na ninyi Jumapili asubuhi mnasinzia mbele ya wote wawili."

Mara moja pale Ogembo alikuja kijana mmoja na harimonika, akaomba kupiga nasi wimbo mmoja. Alipoanza, watu walishika masikio. Akahamia sehemu nyingine ya harimonika, hali ikawa mbaya zaidi. Mimi ndiye niliyemcheka zaidi. Nilimwambia akakianike kidude chake, kimelowa. Kijana aliondoka akikitazama kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Kama yuko hai na anasoma haya, namwomba msamaha. Kidude chake kilikuwa sawa.

Ilipofika katikati ya miaka ya sabini, masikio ya watu yalianza kuhama. Hayakuhama siku moja. Kwanza vijana walisimama wakati sisi tunapiga, wakisubiri kitu kingine. Walivaa viatu vya raizoni, vile vya soli nene, na suruali pana chini kama sketi, nywele zimepanda kama mti wa mviringo. Walitaka ngoma nzito za Wamarekani weusi, walitaka magitaa ya Kongo yanayokimbia, walitaka ile besi ya jirani zetu wa ziwani inayodunda kama moyo wa mtu aliyekimbizwa. Na mimi, niseme kweli, niliyapenda yote hayo. Nilikaa na redio nikijifunza. Mwanamuziki anayechukia muziki mpya ana njaa lakini anakitukana chakula.

Makori hakuuchukia, ila aliogopa kitu kimoja. Alikuwa na nyimbo nane ambazo, ukiacha Moraa, hazikuwahi kupigwa popote ila kwenye dansi zetu. Alikuwa amezitunga polepole, mwaka baada ya mwaka, shambani kwake kwenye chai. Miaka ya sitini tulikuwa tumepiga santuri ndogo kadhaa, zile za wimbo mmoja kila upande, na zilikuwa zimeshachakaa kwenye baa. Alitaka santuri moja kubwa, yenye nyimbo hizo zote nane, kwa sauti yake mwenyewe, kabla watu hawajaacha kabisa kuulizia. "Sitaki utajiri," aliniambia. "Nataka siku nikiwa sipo, mtu akiuliza Makori alikuwa nani, asihadithiwe. Asikie."

Aliyetusaidia ni Jayanti, mwenye duka la cherehani, redio na santuri katika mji wa Kisii. Wazazi wake walifungua duka hilo zamani, na yeye alizungumza Kigusii cha kununulia na kuuzia, kizuri kabisa. Alimpenda Makori. Alikuwa na mpwa wake Nairobi, Haresh, kijana mwenye nywele mabegani aliyekuwa akitengeneza santuri. Jayanti akamwandikia. Haresh akajibu kwamba atatupa studio siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, lakini kwa sharti kwamba tutie kinanda cha umeme, maana bila kinanda vijana hawatainunua.

Makori akakubali. "Mgeni akija na kiti chake, mpe nafasi," akasema.

Tulifika Nairobi Jumatano, tukalala kwa binamu wa Obare, na Alhamisi asubuhi tukaingia studio. Ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kuta zimevishwa makatoni ya mayai, kuna ukimya kama wa ndani ya mto wa pamba. Haresh alitusalimu vizuri. Alimwita Makori mzee, akatuletea chai. Mpiga kinanda alikuwa kijana aitwaye Wafula, mnyenyekevu, ambaye Jumapili alipiga kanisani na siku nyingine alipiga popote.

Makori akainama, akafumba macho, akaupima mstari wa juu wa Moraa. Akashuka. Mmm. Nikaichukua. Tukatyuni kama tulivyotyuni siku zote, tukaanza.

Wafula akaingia na kinanda chake, na hapo nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisahau. Kilikuwa kama mchanga ndani ya ugali. Kila sauti yetu ilikuwa na sauti nyingine kando yake, inayoisukuma kwa kiwiko. Wafula akasimama, akajaribu mahali pengine, mchanga ukaongezeka.

"Ngojeni," Haresh akasema. "Nani ametyuni?"

Wote wakanitazama. Hata Obare, ambaye dramu zake hazina la kusema katika jambo hilo, alinitazama.

Wafula akaniomba nipige uzi wangu wa kwanza. Akabonyeza kinanda. "Hii ndiyo G, mzee, sauti ya uzi huo. Yako iko chini." Akashuka kitufe kimoja. "Bado iko chini." Akashuka tena. "Sasa umenipita, uko juu kidogo." Akakuna kichwa. "Mko katikati. Hapa hapana kitufe."

"Mmeshuka karibu hatua nzima," Haresh akasema. "Mlianza kutyuni hivi lini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakukuwa na siku tuliyoanza. Zile santuri ndogo za miaka ya sitini zilikuwa mahali pake, maana fundi aliyezirekodi alitupa sauti kwa filimbi yake. Tangu hapo tulikuwa tumemfuata Makori. Kila mwaka mstari wa juu wa Moraa ulikuwa ukimlemea kidogo, kidogo sana, unene wa unywele, naye aliupima, akaukuta mbali, akaanzia chini kidogo. Na mimi nikaichukua. Ratemo akanifuata mimi. Bendi nzima ilikuwa imeteremka mlima kwa miaka kumi bila mtu hata mmoja kuona kwamba njia inateremka. Kijana wa Ogembo na harimonika yake alikuja mbele yangu pale pale, amesimama.

Nilimwona Makori akiyatazama magitaa yetu moja baada ya jingine, na nikajua kwamba yeye pia ameelewa.

Haresh akasema rahisi, tukaze. Tukakaza. Nyuzi mbili za Ratemo zikakatika, Haresh akaleta mpya kutoka kwenye droo. Tukafika mahali pa G, kinanda kikakaa vizuri, muziki ukang'aa kama sufuria mpya. Makori akaimba Moraa. Akafika mstari wa juu, na sauti ikapasuka. Akakohoa, akaomba maji. Tukarudia. Ikapasuka. Mara ya tatu aliufikia, lakini kwa kuupigia kelele, na Makori hakuwahi kumpigia kelele mtu yeyote, sembuse Moraa.

Haresh alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu ndiyo iliyouma. Alimjia karibu, akasema polepole, "Mzee, nyimbo ni zako. Jina lako litakuwa mbele. Lakini Wafula pia anaimba. Unaonaje akiimba yeye na wewe upige solo? Huko nje hawatajua."

"Kigusii hajui," Ratemo akasema.

"Atafundishwa maneno leo."

Wafula akainamisha kichwa. "Mimi sijaomba hilo, mzee," akamwambia Makori.

"Najua, mwanangu." Makori akavua gitaa, akaliegemeza ukutani taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. "Mfundisheni," akasema, akatoka nje.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za jengo, ameitazama gereji iliyo ng'ambo. Nikakaa ngazi moja chini yake. Watu walipita.

"Ulijua?" akaniuliza kwa Kigusii.

"Sikujua, tata."

"Usinidanganye kwa sababu nina mvi."

"Kama ningejua ningekuambia. Mimi nilisikia unaposimama, nikasimama hapo."

Akatikisa kichwa. "Miaka yote hiyo nikiwavuta chini kama ndoo kisimani. Na nikijisifu. Nilikuwa nikimwambia mke wangu, sikia, koo la Makori halizeeki."

"Yeye alisema nini?"

"Alisema kuni zimekwisha."

Nilicheka, ikabidi, naye akacheka kidogo, kisha uso ukarudi kuwa mzito. Akasema, "Nyakundi, nilitaka mtu asikie. Sasa watamsikia Wafula."

Vijana, hapo ndipo nilipokuwa na deni la kazi kwa mtu aliyenipa uzi mmoja na kunifundisha kuutunza. Nilikaa pale nikifikiria kama fundi, si kama mwana. Haresh alitaka twende juu kwenye kitufe cha kinanda. Lakini juu kulikuwa mbali. Nikakumbuka Wafula alivyosema, umenipita, uko juu kidogo. Chini yetu kulikuwa na kitufe kingine, na kilikuwa karibu.

"Tata," nikasema, "tusipande. Tushuke tena."

Akanigeukia.

"Tushuke kidogo tu, mpaka kile kitufe cha chini, F. Sisi tutapiga vile vile, vidole mahali pale pale, na Wafula atahama yeye. Kila wimbo ataupiga hatua moja chini. Kinanda hakina nyuzi za kukatika."

"Na mimi?"

"Wewe utapata nafasi zaidi kuliko uliyokuwa nayo Suneka."

Alinitazama sana. "Halafu tutasikika wazee," akasema.

"Sisi ni nani, tata?"

Nilirudi ndani na kumwambia Wafula kwanza, kwa sababu mtu anayetaka jambo gumu huanza na atakayelibeba. Wafula akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "F? Hiyo ndiyo sauti yangu ya kanisani. Naweza kuipiga nimelala." Haresh akapinga. Alisema nyuzi zikilegea hivyo zitapoteza makali, na vijana wanataka makali. Alisema siku inakwisha. Tukaachana hivyo, kila mtu na uso wake.

Ijumaa asubuhi Haresh alitupa wimbo mmoja wa majaribio. "Mmoja tu," akasema, "kisha tunafanya nilivyosema."

Tukashuka mpaka F. Uzi wangu mnene ulikuwa umelegea sana, ukawa unagusa vile vyuma vya shingo na kunguruma. Fundi wa mitambo akatoka kwenye kibanda chake cha kioo na kitambaa mkononi, akataka kukichomeka chini ya uzi.

"Mzee, besi yako inakwaruza."

Kabla sijajibu Makori akainua mkono. "Iache. Hiyo ni obokano."

"Ni nini?"

"Washa mashine yako," Makori akasema, "nitakuonyesha."

Akaimba Moraa. Siwezi kuwaeleza vizuri, na mimi nimekaa na maneno haya miaka mingi. Sauti haikupanda mlima, ilitembea. Ule mstari wa juu aliufikia kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake, bila kubisha. Chini yake uzi wangu ulinguruma kama kile kinubi cha baba yangu mdogo, na kinanda cha Wafula kikakaa kati yetu kama mgeni aliyepewa kigoda na kuambiwa ajisikie nyumbani. Tulipomaliza Haresh alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Akabonyeza kile kipaza sauti chake na kusema neno moja, "Endeleeni."

Tulikuwa na nyimbo nane na mchana mmoja, kwa maana Alhamisi hatukurekodi hata mmoja. Jua likizama, Makori na Ratemo hawatagusa uzi, na Jumatatu studio ilikuwa ya watu wengine. Chumba hakina dirisha. Baada ya kila wimbo Ratemo alitoka mbio mpaka ngazini kuangalia anga, akarudi.

"Kuna saa hapo ukutani," Haresh akamwambia.

"Saa imewahi kuliona jua?" Ratemo akajibu, akavaa gitaa lake.

Wimbo wa sita Obare aliangusha fimbo, tukarudia. Wa saba Wafula alisahau akarudi kwenye G, tukacheka, tukarudia. Wa nane Ratemo alirudi kutoka ngazini akasema, "Limegusa mabati ya gereji." Hatukuwa na nafasi ya kukosea. Ulikuwa wimbo wa Makori kuhusu mama yake akichuma chai ya watu kwenye mvua, na tuliupiga mara moja tu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyeharakisha. Sauti ya mwisho ilipokufa, Makori akakizima kipaza sauti cha gitaa lake mwenyewe. Akamshika Wafula mkono, akamshika Haresh mkono. Kwangu hakuja. Alinipita, akaniwekea kiganja kichwani kidogo, kama anavyofanyiwa mtoto, na mimi wakati huo nilikuwa na watoto watatu.

Santuri ile haikuitikisa nchi, msije mkadhani. Nairobi ilipita kama mtu asiyejulikana. Vijana wa raizoni waliendelea na muziki wao, na walikuwa na haki. Lakini Kisii na Nyamira iliingia nyumbani, hasa kwa watu waliokuwa na redio za kupigia santuri mezani zilizofunikwa kitambaa cha kufuma. Miaka mingi baadaye nilikuwa nikiisikia ikitoka kwenye nyumba ninayoipita, nikasimama njiani mpaka wimbo ukaisha, sijabisha hodi. Haresh alinitumia kifurushi cha nyuzi mpya za besi na barua fupi. Aliandika kwamba sasa mafundi wake humwuliza kila mwimbaji sauti yake kwanza, kabla ya kuuliza kinanda. Nawashukuru wote: Haresh kwa ule wimbo mmoja wa majaribio, Wafula kwa kukubali kuhama, na Kemunto kwa sufuria.

Siku santuri zilipofika, Jayanti alituita dukani. Ilikuwa siku ya soko, barabara imejaa ndizi, na alikuwa ameelekeza spika nje. Makori akakaa kwenye kiti cha wateja wa cherehani, kofia magotini. Akasikiliza upande mzima wa kwanza. Kisha akamwomba Jayanti, "Unayo bado ile ndogo yetu ya zamani? Ile ya kwanza ya Moraa?"

Jayanti akapekua chini ya kaunta, akaipata, akaipangusa kwa shati lake, akaiweka. Ikatoka sauti ya kijana, nyembamba, kali, iko juu kule, inaruka ule mstari kama mbuzi anavyoruka ua. Wanawake wawili wa ndizi wakageuka kutazama dukani. Mimi nikaogopa. Nilimtazama Makori nikitafuta lile jeraha la kwenye ngazi.

Alisikiliza mpaka sindano ikafika katikati na kuanza kukwaruza.

"Yule kijana alikuwa anaimba vizuri," akasema. "Lakini alikuwa na haraka."

Kisha akamwashiria Jayanti airudishe ile kubwa, upande wa pili.